Kompyuta Iliyokuwa Ikifa Saa ya Chakula

Kwa siku nane za kazi mfululizo, seva yetu ilikufa kati ya saa sita na saa saba mchana, na mimi niliyeisimika sikujua kwa nini.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Bujumbura mwaka mmoja kabla ya hapo, nikatoka na shahada ya informatiki, elimu ya kompyuta, na tabia ya kubishia kila kitu. Kazi niliyoipata ilikuwa Rumonge, kwenye mradi mdogo uliopanga vyumba viwili nyuma ya soko, mahali ambapo harufu ya mawese ilikaa hata ndani ya karatasi. Tulikuwa tunapiga picha vitabu vya zamani vya mashamba ya michikichi, vilivyoandikwa kwa mkono tangu Uhuru hadi mwaka 1972. Vilikuwa vimeanza kumeguka pembeni. Lengo lilikuwa mtu mwenye kesi ya ardhi aandike jina la mzazi wake kwenye kompyuta, aletewe ukurasa bila kugusa kitabu.

Tulikuwa watatu. Bosi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, aliyeamini kwamba kifaa chochote kinachopiga kelele kinakaribia kulipuka. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa mtaa wa Waislamu pale mjini, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, ambaye babu yake alikuja kutoka Kongo na hakurudi. Yeye ndiye aliyepiga picha kurasa na kuandika jina la mwenye shamba juu ya kila dosie, yaani folda ya shamba moja kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa wa mashine.

Mashine kuu, seva, ilikaa kwenye kona juu ya matofali mawili. Dosie zote zilikuwa ndani yake, na kompyuta zetu tatu zilizisoma kupitia mtandao kana kwamba ni diski zao wenyewe. Mfumo endeshi niliouweka ulikuwa toleo la maendeleo, yaani lile ambalo watengenezaji bado wanalijenga na wanaonya waziwazi kwamba lisitumiwe kwa kazi ya maana. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa ya kweli: toleo lililokamilika halikuitambua kadi ya diski tulizopewa. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Toleo lile lililokamilika waliliita imara, na mimi neno hilo lilinikera. Imara kwa nani? Nani amepima?

"Injenia, iko imekufa tena," dada aliniambia siku ya kwanza, akirudi kutoka kula.

"Kurani ilikatika?" niliuliza, maana ndivyo tunavyoita umeme.

"Kurani iko. Feni inazunguka. Ni mashini yako tu iko na roho nyepesi."

Bosi alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma. "Niambie kama nimeelewa vizuri. Hicho kitu, wenyewe hawajamaliza kukitengeneza, na wewe ukakileta mu biro yangu?"

"Ndiyo, bosi, lakini..."

"Basi, nimeelewa vizuri."

Kilichoiua nilikijua nusu. Tulikuwa na programu ya kutafuta, na kabla haijaweza kutafuta chochote ilipaswa kupitia dosie zote mara moja na kutengeneza orodha ya majina. Niliipanga ianze saa sita, tukiwa tumekwenda kula, isitucheleweshe. Kila ilipoanza, seva ilianguka kabla orodha haijaisha. Nilipoianzisha asubuhi, ilianguka asubuhi. Lakini nilipochukua dosie mia moja nikazinakili kwenye laptopu yangu, programu ilizipitia zote bila kikwazo. Programu ile ile, kurasa zile zile. Kwa mtandao inakufa, bila mtandao haifi. Nikaamua kosa liko kwenye sehemu ya mfumo inayogawa faili mtandaoni, na nikaanza kuichimba huko.

Nilibadilisha waya. Nilibadilisha kadi ya mtandao. Niliipima kumbukumbu ya mashine kwa siku nzima, ikatoka salama. Niliondoa mfuniko na kuielekezea feni ya bosi, naye akalowa jasho bila kunisamehe. Niliwaandikia watengenezaji wa mfumo, watu nisiowajua wa nchi za mbali, nikawaeleza kila kitu. Mmoja alijibu kwa mistari miwili: weka toleo la leo, na kila ikianguka hifadhi nakala ya kumbukumbu yake. Hilo la pili lilikuwa rahisi, kwa sababu toleo la maendeleo lina desturi hiyo: likifa, linamwaga kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwake dakika ile, ili fundi aje aone lilikuwa linafanya nini. Nilizihifadhi nakala hizo moja baada ya nyingine. Hilo la kwanza nililifanya Jumamosi. Jumatatu ikaanguka mapema zaidi kuliko zamani.

Ilikuwa Jumatatu hiyo alipokuja mama mmoja.

"Amahoro," alitusalimu kwa Kirundi, halafu akaendelea kwa Kiswahili cha Kigoma, kilichonyooka hivi kwamba dada alijirekebisha kwenye kiti. "Nimeambiwa hapa ndipo mnatafuta majina."

Alikuwa amerudi kutoka Tanzania miaka michache nyuma na alikuwa anakaa Nyanza-Lac kwa binti yake. Alizaliwa hapa Rumonge, juu ya barabara. Mwaka 1972, mauaji yalipoanza, alikuwa mtoto wa kubebwa. Mama yake aliteremka naye hadi Kabonga, wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Baba alibaki kufunga nyumba, akisema atawafuata. Aliyasimulia hayo bila kupunguza sauti wala kuipandisha, kama mtu anayemweleza karani tarehe ya kuzaliwa.

"Ijumaa nina kikao cha usuluhishi pale ofisi ya komini," alisema. "Shamba la baba lina mtu mwingine sasa. Wameniambia nilete karatasi yoyote, hata moja, inayoonyesha kwamba baba alikuwa na shamba pale. Nisipoleta, wanafunga faili yangu, na haifunguliwi tena."

Dada alinitazama. Bosi alinitazama. Mimi niliitazama seva.

"Jina la baba yako litapatikana orodha ikikamilika," nilimwambia. "Rudi kesho, mama."

"Kesho saa ngapi, mwanangu?"

Niligeuka kuitazama seva tena.

Aliporudi Jumanne, seva ilikuwa imekufa. Alikaa kwenye benchi letu, akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko na kumpa dada kwanza. "Nilidhani kompyuta hazichoki," alisema.

"Hii imesoma sana, mama," dada akasema. "Kama mwenye kuiweka. Iko inajiuliza maswali mpaka inaanguka."

Wakacheka wote wawili. Nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Kwa nini tusifunue vitabu kwa mkono? Tulijaribu. Vilikuwa vingi, havikufuata alfabeti, na mama hakujua baba yake aliandikishwa mwaka gani. Katika kimoja nilikuta mahali ambapo kurasa zilikuwa zimetolewa. Mizizi yake ilibaki kwenye uzi. Si kitabu hicho tu. Nilimuuliza bosi nani alizitoa, na lini, na kama ni wadudu mbona wamekata kwa mstari ulionyooka.

"Wewe tengeneza mashini," alinijibu.

Mimi nilizaliwa baada ya mambo hayo. Shuleni mwaka ule ulikuwa aya moja, na mwalimu aliisoma haraka huku akiangalia dirisha. Nyumbani, nikiuliza, mama yangu alinituma dukani. Nilijifunza kuuliza kila kitu kwa sababu hicho kimoja hakikujibiwa, na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kitu hicho hicho, na nilichoweza kufanya ni kuhesabu waya.

Jumatano sikwenda kula. Niliiagiza programu iandike kwenye skrini kila mahali inapopita, kisha nikaianzisha na kukaa mbele yake. Mwanzoni majina yalipita vizuri, dosie moja baada ya nyingine. Halafu mistari ikaanza kurefuka. Ilisema *mlima* na jina la mtu, halafu *ziwa* na jina la mtu wa pili, halafu *mlima* na jina la yule yule wa kwanza, halafu *ziwa* na yule wa pili, mlima, ziwa, mlima, ziwa, hadi mstari mmoja ukajaza skrini nzima na bado ulikuwa haujafika mwisho. Kisha skrini ikaganda. Kwenye kona, seva ikaacha kunguruma.

Dada aliporudi nilikuwa nimesimama mbele ya skrini.

"Mlima na ziwa ni nini?"

"We unakaa Rumonge na unauliza mulima na ziwa?"

"Ndani ya dosie. Nani aliweka?"

"Ni mimi. Nani mwingine?" Alivua kandambili, akakaa. "Ndivyo vitabu viko. Hujasoma?"

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimezipima picha zake, ukubwa wake, uzito wake kwenye diski. Akanifungulia ukurasa mmoja. Jina la mwenye shamba lilikuwa juu. Chini yake, kwa mkono wa karani wa zamani, kulikuwa na mistari minne: upande wa ziwa anapakana na fulani, upande wa mlima na fulani, upande wa Bujumbura na fulani, upande wa Nyanza-Lac na fulani.

"Hapa kwetu huulizi shamba ni la nani," dada alisema. "Kila mutu atasema langu. Unauliza linapakana na nani. Jirani ndiye anajua. Sasa mimi nikiandika jina la mwenyewe peke yake, nimeandika nini? Kwa hiyo kila dosie nikaitia njia za mukato nne, kila moja na jina la jirani. Ukibonyeza jina, unaingia kwa jirani. Unatembea tu, kama unatembea shambani."

"Na ukiwa kwa jirani wa mlimani, upande wake wa ziwa..."

"Unarudi. Si ndiyo ujirani?"

Nilikaa chini. Programu yangu ilifuata kila njia iliyoiona. Ilipanda kwa jirani wa mlimani, ikakuta njia ya kushuka ziwani, ikashuka, ikakuta njia ya kupanda. Mahali popote ilipofika iliamini ni mahali papya, na seva ikalazimika kukumbuka kila hatua, hadi kumbukumbu ikajaa. Mfumo uliokamilika pengine ungekataa kimya kimya na kuendelea na mambo yake. Toleo la maendeleo limejazwa ukaguzi kila pembe: likiona jambo lisiloelezeka, halivumilii, linasimama. Na zile dosie mia moja kwenye laptopu? Nilinakili kurasa tu. Njia za mkato ziliachwa nyuma, nami sikugundua.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Uliniuliza lini?"

Alipokwenda kuswali alasiri, nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto. Niliandika amri ya mstari mmoja, nikafuta njia zote za mkato kwenye seva nzima. Nakala ya akiba hatukuwa nayo, kwa maana programu ya akiba nayo ilikuwa ikitembea mlima na ziwa bila kufika. Niliona najua ninachofanya. Njia za mkato, nilijiambia, si data. Data ni kurasa.

Alhamisi asubuhi orodha ilikamilika kwa mara ya kwanza. Seva ilinguruma kwa utulivu. Bosi alinipa mkono. Mama alipoingia nilimvutia kiti mbele ya skrini yangu, nikamwomba anitajie jina la baba yake polepole, nikaliandika, nikabonyeza.

Hakuna.

Nikaliandika kwa namna ya Kifaransa, kwa namna ya Kirundi, nusu yake tu. Hakuna.

"Hayumo, mama," nilisema.

"Hayumo kwa maana gani?"

"Kwa maana vitabu vyote vimepitiwa. Hakuna shamba lenye jina lake."

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Mashine imesema baba yangu hakuwa na shamba."

"Imesema jina lake halipo."

"Ni nini tofauti yake, mwanangu? Kesho nikiwaambia hivyo, tofauti yake ni nini?"

Nilianza kujiuliza, na naona aibu kuliandika hili, kama mama anasema kweli. Ndivyo nilivyozoea: kila kitu kitiliwe shaka, na aliyekuwa karibu alikuwa yeye.

Dada alikuwa amefungua dosie yake upande wa pili wa chumba. "Injenia. Majirani wako wapi?"

"Nimewatoa. Ndio waliokuwa wanaiangusha."

Dada akasema, si kwa hasira, "Kurasa zilizochanwa, wenyewe majina yao hayako tena juu ya ukurasa wowote. Yako kwa majirani tu. Umefukuza majirani, sasa unatafuta mutu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukurasa wa baba yake ukiwa umetolewa kitabuni, jina lake lingebaki kwenye kurasa za wengine, kwa mwandiko wa karani, ndani ya picha ambayo programu haiwezi kuisoma. Mahali pekee ambapo dada aliliandika kwa herufi ambazo kompyuta inazijua ni juu ya njia ya mkato. Njia isiyofika popote, kwa sababu dosie yake haikuwepo, lakini yenye jina.

"Unayakumbuka?" nilimuuliza.

"Majina elfu na elfu? Mimi ni malaika?"

Mama alikuwa anatutazama kwa zamu, bila kuelewa nani amekosa nini. Ndipo nikakumbuka zile nakala nilizokuwa nimewahifadhia watengenezaji. Kila mara mashine ilipokufa, ilikuwa imeshika kichwani majina ya njia ilizopitia, na yote ilikuwa imeyamwaga kwenye diski. Nilikuwa na vifo tisa vya mashine, vinane vya mchana na kile kimoja cha asubuhi. Nikafungua cha kwanza, nikaiagiza kompyuta ichuje maandishi tu kutoka kwenye takataka ile na kutafuta jina.

Cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu, jina la baba yake mama lilitokea, mbele yake neno *mlima*. Chini kidogo likatokea tena, mbele yake neno *ziwa*. Na kando ya kila moja, jina la mtu mwingine, mwenye dosie.

"Soma," mama alisema. Nilisoma. Alirudia majina ya wale wawili kama anayeonja kitu. La pili alilijua. "Huyo mama alikuwa na mbuzi mweupe," alisema. "Mama yangu alikuwa akimtaja."

Dada alikuwa ameshasimama. Alirudi na vitabu viwili, akavifungua mbele ya mama, si mbele yangu. Katika kimoja, mwenye shamba la chini aliandikisha kwamba upande wa mlima anapakana na baba yake mama. Katika kingine, mwenye shamba la juu aliandikisha kwamba upande wa ziwa anapakana naye huyo huyo. Wino wa buluu, uliopauka. Mama aliweka kidole chini ya jina, pasipo kuligusa. Tulitoa fotokopi za kurasa zote mbili, na bosi akagonga muhuri kwa nguvu hivi kwamba meza ilisogea.

Ijumaa bosi alinituma kikaoni niende kueleza. Chumba kilikuwa na mabenchi na wasuluhishi watatu. Mtu anayekaa kwenye shamba lile alikuwa pale, mwanamume wa umri wa mama, shati lake limepigwa pasi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ila hakunisaidia. Alisema alizaliwa kwingine, aliletwa pale na baba yake akiwa mdogo, baba alipewa, na nani alimpa hakuambiwa. Hata yeye alionekana hajui aanzie wapi.

Msuluhishi mkuu aligeuza fotokopi zetu. "Hizi ni karatasi za majirani. Ukurasa wake mwenyewe uko wapi?"

"Haupo," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Wewe ndiye fundi, na hujui?"

"Sijui, mheshimiwa. Ila huyu wa chini anasema juu yake kuna mtu, na huyu wa juu anasema chini yake kuna mtu, na wote wanataja mtu mmoja."

Walinong'onezana. Yule mwenye shati alisogea mbele, akaomba kuona. Aliyasoma majina ya majirani, akakubali kwa kichwa: wajukuu wao bado wapo pale, juu yake na chini yake, anawasalimu kila asubuhi. Msuluhishi akaandika kwamba faili haifungwi. Jumanne wote waende shambani, na wajukuu hao waitwe waonyeshe mipaka.

Nje, watu wakitawanyika, yule mwanamume alimkaribia mama. Nilisogea, nikidhani kutatokea maneno.

"Mama," alisema, "Jumanne utatoka Nyanza-Lac alfajiri. Upite nyumbani kwanza, mke wangu apike. Tukianza na njaa tutabishana vibaya."

"Nyumbani kwa nani?" mama akauliza.

Mtu mmoja aliyekuwa karibu alicheka, halafu akaacha. Mwanamume alitazama viatu vyake. Mimi nilijaribu kufikiri jibu sahihi lingekuwa lipi, kwa upande wake na kwa upande wa mama, na kila nililolipata lilikuwa kweli nusu.

"Hilo ndilo tutakalowauliza majirani," alisema mwishowe.

Mama alikunja fotokopi zake mara mbili, akazitia kwenye kitenge kiunoni. "Mwambie asipike mboga," alisema. "Nitakuja na ndagala wa ziwani."